Simu ya mkononi ilivyogeuka leja ya stoo ya dawa

KATIKA mji wa Mpanda, kuanzia maduka ya Majengo hadi zahanati za vijiji vya jirani, kila mtunza stoo hukabiliwa na maswali mawili: kimebaki kiasi gani, na kitakwisha lini? Kwa mwenye duka, jibu likichelewa hasara ni ya fedha. Kwa stoo ya dawa za malaria, hasara huweza kuwa uhai wa mtoto.

Katika maghala makubwa duniani, hesabu hiyo hufanywa kwa vifaa vya mkononi visivyotumia waya. Mfanyakazi husoma kwa kifaa alama ya mistari iliyobandikwa kwenye boksi, na idadi hubadilika papo hapo katika kompyuta. Zahanati ya kijijini isiyo na kompyuta haiwezi kufuata utaratibu huo, lakini mhudumu wake ana simu.

Kati ya Septemba 2009 na Februari 2010, Tanzania ilijaribu kuitumia simu hiyo kupitia mradi wa SMS for Life, ulioshirikisha Wizara ya Afya, ushirika wa Roll Back Malaria na kampuni za Novartis, IBM na Vodafone. Vilihusika vituo 129 vya Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Wilaya hiyo ya Kigoma ilipakana na Mpanda, iliyokuwa bado mkoani Rukwa kabla ya Mkoa wa Katavi kuanzishwa mwaka 2012.

Kila Alhamisi mhudumu alipokea ujumbe mfupi ukimtaka ahesabu dawa ya mseto katika paketi za vidonge 6, 12, 18 na 24, pamoja na sindano za kwinini. Alijibu bila malipo, na aliyejibu kwa wakati alizawadiwa muda wa maongezi. Aliyekaa kimya alikumbushwa Ijumaa. Takwimu ziliingia katika tovuti iliyosomwa na wasimamizi wa wilaya, tofauti na fomu za karatasi zilizopelekwa kila baada ya miezi mitatu.

Kwa wastani, asilimia 95 ya vituo vilijibu. Vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilipungua kutoka asilimia 78 wiki ya kwanza hadi asilimia 26 wiki ya 21. Lindi Vijijini, upungufu ulikwisha kufikia wiki ya nane.

Hata hivyo, simu haikutengeneza kidonge hata kimoja. Ilimwonyesha msimamizi kituo kilichopungukiwa na kile chenye ziada, naye akaweza kuagiza au kuhamisha dawa. Pasipo mtu wa kuchukua hatua, ujumbe hubaki takwimu tupu. Aidha, kwa wastani asilimia 7.5 ya majibu yalikuwa na makosa ya uandishi.

Mwaka 2011 mfumo huo ulianza kusambazwa nchi nzima. Miaka iliyofuata, serikali ilianzisha mfumo mpana zaidi wa kielektroniki wa kusimamia ugavi wa dawa, eLMIS. Hata humo, kazi huanzia palepale: mhudumu afungue kabati na kuhesabu kwa uaminifu.