Skizofrenia: dalili za utotoni na viashiria vya mwilini

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kushikilia imani zisizo na msingi. Mara nyingi hujitokeza kati ya balehe na miaka 30, lakini chanzo chake huanza mapema zaidi. Kurithi kuna nafasi kubwa. Kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na utapiamlo wa mama mjamzito huongeza hatari. Kwa maana hiyo, wodi ya wazazi kama ile ya Hospitali ya Tosamaganga, Iringa, Tanzania, ni sehemu ya kinga, ijapokuwa wengi wanaozaliwa kwa shida hawaugui kamwe. Watoto waliozaliwa kaskazini mwa Ufini mwaka 1966 walifuatiliwa hadi utu uzima: waliougua baadaye walikuwa wamechelewa kidogo kusimama na kutembea. Mama asishtuke, watoto wengi huchelewa bila neno. Kuhusu kurithi, utafiti uitwao NeuroGAP-Psychosis ulitafuta vinasaba vya ugonjwa huu nchini Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini. Hadi sasa hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayouthibitisha. Kwa hiyo daktari humsikiliza mgonjwa na ndugu zake. Nchini Tanzania, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ni Mirembe, Dodoma.