Kitufe cha Tab na Mashine Iliyofunzwa Kungoja Iulizwe

Chukua kompyuta yenye Linux, fungua terminali, utengeneze folda nane kwa majina ya wadi za eneobunge la Ruiru: biashara, gatongora, gitothua, kahawa-sukari, kahawa-wendani, kiuu, mwihoko na mwiki. Sasa andika cd, amri ya kuingia kwenye folda, acha nafasi, weka herufi b, kisha bonyeza Tab. Biashara hiyo imejiandika. Rudia kwa kah: inatokea kahawa- na kuishia hapo kwenye kistari, maana Sukari yupo na Wendani yupo. Ongeza w, bonyeza tena, jina linakamilika. Mwiki ndiyo yenye kazi. Ukiandika mwi, Tab haiongezi chochote, inalia tu. Ibonyeze mara ya pili ikutajie mwihoko na mwiki, uchague mwenyewe. Makanga mzuri wa Githurai hufanya vivyo hivyo akisikia nusu ya neno: hakusukumi garini, anauliza kwanza unaenda wapi.

Adabu hiyo mashine ilifunzwa, haikuzaliwa nayo. Katika miaka ya 1960, kule Berkeley, California, watu wengi walitumia kwa pamoja kompyuta moja ya SDS 940. Mfumo wake ulikuwa na haraka: herufi ulizoandika zikishatosha kutambulisha programu moja, ulijaza zilizobaki bila kungoja ruhusa. Ilipendeza, mpaka mtu akosee herufi. Hapo mashine ilimalizia kosa lake kwa bidii ileile.

Wahandisi wa kampuni ya BBN, mjini Cambridge, Massachusetts, waliiga wazo hilo walipoanza kuunda mfumo wa TENEX mwaka 1969 kwa ajili ya kompyuta za PDP-10. Wakabadilisha jambo moja. Mashine ingekaa kimya mpaka mtu abonyeze kitufe cha Escape, ndipo imalizie. Tena haikuishia kwenye majina ya programu, ilijua na ya mafaili. Vitabu husifu kasi ya uvumbuzi huu. Mimi nasifu ile subira.

Mfumo wa Unix ulichelewa kupata msaada huo, na sababu yake ni ya kiufundi. Ulipokuwa ukiandika amri, kiini cha mfumo kiliziweka herufi zako pembeni hadi ubonyeze Enter, ndipo kikaikabidhi sheli, programu inayosoma amri zako, mstari mzima. Sheli ingekusaidiaje katikati ya neno ilhali haijaliona? Ken Greer wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alianza kuandika programu ya kumalizia majina kwa mtindo wa TENEX mwaka 1975, na mwaka 1981 ikaunganishwa na csh, sheli ya Bill Joy. Oktoba 3, 1983 akaisambaza bure kwenye mtandao wa Usenet. Ndiyo tcsh, na ile t ya mwanzo ni ya TENEX.

Tab tunayoizoea leo ilienezwa na bash, sheli aliyoitoa Brian Fox mwaka 1989 kwa mradi wa GNU. Bash hutumia maktaba ya Readline, inayopokea kila herufi mara tu inapoguswa. Neno la kwanza huliwinda kati ya amri zilizosakinishwa. Yanayofuata kwa kawaida huyatafuta kati ya mafaili. Toleo la 2.04 la mwaka 2000 likaruhusu kila programu ieleze kinachoweza kufuata amri yake.

Huku kwetu bash iliingia pamoja na Linux. Ubuntu ilipoanza mwaka 2004 ilituma CD za bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, hadi 2011. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, CD hiyo ilikuwa mali kwa aliyelipia intaneti kwa dakika kwenye saiba.

Ajabu ni kwamba simu zimerudi Berkeley. Unaandika Kiswahili, kibodi inakubadilishia neno kuwa Kiingereza kabla hujainua kidole. Wanaounda sheli wamekuwa waangalifu zaidi. Fish, sheli iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2005, baadaye ilianza kubashiri amri nzima kutokana na ulizowahi kuandika. Huionyesha kwa rangi hafifu mbele ya maandishi yako, na ukibonyeza Enter bila kuikubali kwa mshale wa kulia, kinachotekelezwa ni kile tu ulichoandika.