Posho ya Mgodini na Mafuta ya Damu Lubumbashi

Lubumbashi, mtu aliyekunywa chai na mkate asubuhi, akala wali mchana, anaweza kufika jioni akasema hajala. Chakula ni bukari, yaani ugali wa mahindi. Mazoea hayo yana umri wa jiji lenyewe, na wanaorudi kutoka maabara na karatasi inayosema trigliseridi, mafuta ya damu, zimepanda wana sababu ya kuijua historia yake.

Reli ya kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville, kama jiji lilivyoitwa hadi 1966, mwaka 1910. Mwaka uliofuata kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ikaanza kuyeyusha shaba. Kando ya mto Lubumbashi hapakuwa na mashamba ya kulisha maelfu ya vibarua, basi unga wa mahindi ukaletwa kwa treni kutoka kusini. Watu wa Kasai, wa Luapula, na baadaye wa Ruanda-Urundi walikuja na mazoea ya vyakula vya kwao, wengine wakiwa wamelelewa kwa muhogo, wengine kwa ndizi au mtama. Kambini wote walipimiwa unga.

Hiyo ndiyo posho: unga, maharagwe, karanga, mafuta ya ngazi (mawese), chumvi, na nyama au samaki. Miaka ya mwanzo vibarua walikufa kwa wingi, na madaktari wa kampuni, René Mouchet akiwa mmoja wao, wakashughulikia chakula na usafi wa kambi kama sehemu ya uzalishaji wa shaba. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilianza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake zao kwa mikataba ya miaka 3, na posho ikafika kwa mama na watoto. Tusiiite huruma. Desemba 1941, maisha yalipopanda bei kwa sababu ya vita na wafanyakazi wakagoma kudai mishahara, askari waliwafyatulia risasi uwanjani, na Léonard Mpoyo, aliyekuwa msemaji wao, akauawa.

Posho ilipimwa kwa ajili ya mwili unaopiga sururu na kusukuma mawe kutwa. Wanga na sukari vikizidi mahitaji, ini huvigeuza kuwa trigliseridi, yaani mafuta yanayosafiri katika damu na kuwekwa akiba mwilini. Misuli inayofanya kazi huyatumia. Misuli iliyokaa huyaacha yakae. Mwaka 1959, kule Marekani, Margaret Albrink na Evelyn Man walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa mishipa ya moyo walikuwa na trigliseridi nyingi, na tangu hapo madaktari hawaangalii kolesteroli peke yake.

Kwenye posho kulikuwa pia na samaki, na habari zake ni za kuvutia. Kasenga, kwenye mto Luapula, wafanyabiashara Wagiriki, wengi wao watu wa visiwa vya karibu na Rhodes, walinunua samaki wa mto na wa ziwa Mweru, wakawapakia na barafu kwenye malori kuelekea Élisabethville. Mpumbu ndiye aliyependwa zaidi. Alivuliwa wakati akipanda mto kutaga mayai, na kufikia mwisho wa miaka ya 1940 alikuwa karibu kutoweka. Siku hizi sahani nyingi zina thomson, samaki wa baharini anayekuja amegandishwa. Watu humwona wa kawaida tu, lakini ni samaki wa mafuta, na mafuta ya namna hiyo husaidia kushusha trigliseridi. Achemshwe na nyanya na kitunguu. Kumzamisha kwenye mafuta ya kukaangia ni kumwongezea mzigo bure.

Union Minière ilitaifishwa 1967, na Gécamines, mrithi wake, ikaendelea kugawa unga. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka 1990, uporaji ukafuata 1991, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa tayari amewaita watu wa kampuni watoto wa Shaba (Katanga) walioachwa na baba yao, yaani kampuni. Nyumba nyingi zilibaki na mlo mmoja kwa siku, na mlo huo ulikuwa bukari. Ndiyo maana kuwaambia watu hao wapunguze chakula, bila kusema nini kiongezwe, ni kuwakosea heshima.

Sururu imeondoka, donge la bukari limebaki. Anayeendesha teksi au kuuza dukani kutwa, akanywa chai yenye sukari nyingi, soda mchana, na bia kadhaa za Simba na michopo (nyama ya kuchoma) jioni, analipa ini kazi ambayo misuli haiipokei. Pombe hupandisha trigliseridi haraka kwa watu wengi. Na kwa upande wa mwendo, mama wa soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi, anayetembea na kapu kila asubuhi ana nafuu kuliko mteja wake mwenye gari.

Bukari ibaki mezani, ila donge lipungue, na lengalenga, matembele, sombe (kisamvu) isiyoogelea kwenye mafuta na maharagwe vichukue nafasi yake. Sukari na bia zipunguzwe kwanza, na miguu itumike kila siku. Kipimo cha trigliseridi kilicho chini ya miligramu 150 kwa desilita ni kizuri. Kikifika 500, kongosho liko hatarini, na mgonjwa asikae nyumbani akingoja, aende kwa daktari.