Kangaga Iliyo Mfano wa Mti

Hapa Majimoto, katika bonde la Rukwa, nchi ni ya joto na kiangazi ni kirefu; basi kangaga iliyo mfano wa mti haioti kwetu. Atakaye kuiona na aende milima ya Usambara, au Uluguru, au mitelemko ya Kilimanjaro, penye ukungu na vijito. Huko ataona shina limesimama wima na majani yametanda juu yake kama mwavuli, naye mgeni hudhani kuwa ni jamaa ya mtende. Sivyo. Mtende una maua na mbegu. Kangaga haina ua wala mbegu. Chini ya jani lake mna vidonge vidogo vya mviringo, na ndani yake vumbi laini, nalo ndilo uzazi wake.

Hata shina lenyewe si mti hasa. Mwembe hunenepa kwa kuongeza ubao juu ya ubao; kangaga haiwezi. Hutegemezwa na mizizi myembamba isiyohesabika, iliyosokotana nje ya shina kama vazi.

Lakini ukoo wake ni upi? Hapo wataalamu wamebishana muda mrefu. Smith wa Uingereza alitunga jina Cyathea mwaka 1793, na Robert Brown jina Alsophila mwaka 1810. Kisha William Hooker, mkuu wa bustani ya Kew, alifuata alama moja tu, yaani kikombe chembamba kinachofunika vile vidonge. Zenye kikombe kizima ni Cyathea, zenye nusu ni Hemitelia, zisizo nacho ni Alsophila. Kanuni hii ni nyepesi kufundisha, nasi twaona ndiyo sababu ilidumu. Ila kikombe huweza kupungua au kupotea kabisa hata kati ya ndugu wa karibu. Mwaka 1947 Copeland, mtaalamu wa Marekani, aliziweka zote chini ya jina moja, Cyathea.

Holttum, aliyepata kuwa mkuu wa bustani ya Singapore, alitazama pengine: magamba madogo yaliyo chini ya ubua wa jani. Tryon wa Marekani akamfuata mwaka 1970. Katika Alsophila ncha ya gamba ina kijiba cheusi; nani angalidhani kuwa ukoo umefichwa hapo? Hata miaka ya 2006 na 2007 Petra Korall wa Sweden na wenzake waliposoma urithi ulio ndani ya seli, majibu yalikaribiana sana na ushuhuda wa magamba.

Basi kangaga ya milima yetu, ambayo Hooker aliiita Cyathea manniana kwa ajili ya kikombe chake, sasa ni Alsophila manniana, katika ukoo uliokuwa wa wasio na kikombe! Vitabu vingi vya Afrika ya Mashariki vimeliandika jina la kale; mwanafunzi akikuta yote mawili, asidhani ni mimea miwili.