Dohani na Boriti

Moto ulio mekoni huonekana, na mwenye nyumba huulinda. Wa kuogopwa zaidi ni ule usioonekana, upitao ndani ya dohani na kukutana na boriti darini. Historia ya ujenzi katika nchi za baridi ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kuwatenganisha wawili hawa.

Walowezi wa Boston waliukubali ukweli huo mapema. Mwaka 1631, baada ya moto wa dohani kushika nyasi za paa, walikatazana kujenga dohani za miti na kuezeka kwa nyasi. London ilijifunza kwa gharama kubwa zaidi. Moto wa Septemba 1666 uliteketeza nyumba zipatazo 13,200. Sheria ya mwaka 1667 iliamuru kuta za matofali au mawe, kisha ikaingia ndani ya nyumba na kutaja inchi: mti usilazwe chini ya inchi 12 mbele ya miimo ya dohani, wala chini ya inchi 6 nyuma yake. Hapo pengo tupu lilipewa kazi ya ulinzi.

Kwa nini pengo? Kwa kuwa matofali huzuia mwali, lakini hupitisha joto. Mti uliopashwa joto miaka mingi hukauka, hugeuka makaa kidogo kidogo, na mwisho hushika moto kwa joto ambalo mti mpya ungalilistahimili. Tena joto lina njia zake. Tarehe 16 Oktoba 1834, katika matanuri yaliyokuwa chini ya Baraza la Malodi, vilichomwa vijiti vya hesabu za kale za Hazina. Alasiri wageni walisikia joto la sakafu likipenya viatu vyao. Jioni Bunge la Uingereza lilikuwa likiwaka.

Baada ya mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopanda, wengi katika Marekani na Ulaya walijaza darini pamba ya kioo au karatasi zilizosagwa, ili joto lisitoroke. Nia ilikuwa njema. Lakini mkono uzibao kila tundu huweza kuliziba na lile pengo.

Kanuni za Marekani hutaka aghalabu inchi 2 kati ya mti na dohani ya matofali iliyo ndani ya nyumba. Mwanya wa dari huzibwa kwa bamba la bati na gundi istahimiliyo moto, hewa ya vuguvugu isipande; kisha bati huzungushwa kama ukingo, na pamba hukomea nje yake. Hata pamba isiyoungua haijazwi humo, maana huhifadhi joto pasipotakiwa.

Basi apandaye darini akaona nafasi tupu kando ya dohani, asidhani kwamba fundi alisahau kazi. Yamkini hiyo ndiyo kazi aliyoimaliza vema kuliko zote.