Jasho la Desemba, Kombe la Agosti

Kikosi cha shule ya sekondari hakina nyota wa kudumu. Mfungaji mabao aliyebebwa mabegani mwezi Agosti huwa anafanya mtihani wa KCSE mwezi Novemba, na ifikapo Januari jezi yake imevaliwa na kijana aliyekuwa akikaa benchi. Klabu kubwa hununua mchezaji pengo linapotokea. Kocha wa shule mjini Kisumu, Maseno au Bondo hana hela hizo. Anacho kitu kimoja tu cha kuchezea: miezi isiyo na mechi. Je, akiitumia kuwajenga vijana nguvu na pumzi, timu yake itabadilika kweli?

Swali hilo lilipata umaarufu mbali na Ziwa Victoria, kwenye mchezo ambao Kisumu hauchezwi sana. Vyuo vya Marekani huishi kwa kandanda yao ya mpira mrefu kama yai, na kwa miaka mingi makocha wao walikataza wachezaji kunyanyua vyuma. Waliamini misuli mikubwa hufungana na kumfanya mtu mzito. Mwaka wa 1955 Alvin Roy, mwenye chumba cha kunyanyua vyuma huko Baton Rouge, aliishawishi shule ya sekondari ya Istrouma ijaribu, nayo ikatwaa ubingwa wa jimbo la Louisiana. Miaka mitatu baadaye Chuo Kikuu cha Louisiana State, ambacho Roy alikisaidia kwa mbinu hizohizo, kilimaliza msimu wa 1958 bila kupoteza mchezo na kuwa bingwa wa taifa.

Kisha likaja tukio la Chuo Kikuu cha Nebraska. Boyd Epley alikuwa mwanariadha wa chuo hicho, mrukaji kwa ufito, aliyeumia mgongo na kukimbilia chumba cha vyuma. Wachezaji wa kandanda waliokuwa wakiuguza majeraha wakaanza kumwiga, na Tom Osborne, kocha msaidizi, akaona kwamba wanarudi uwanjani wakiwa na nguvu kuliko walivyotoka. Mwaka wa 1969 kocha mkuu Bob Devaney alimwajiri Epley. Inasimuliwa kwamba alimpa onyo: mchezaji mmoja akipungua kasi, kazi huna. Nebraska ilikuwa imeshinda michezo sita na kupoteza minne mwaka wa 1967, na vivyo hivyo mwaka wa 1968. Mwaka wa 1970 na 1971 ilikuwa bingwa wa taifa. Mwaka wa 1978 Epley akaanzisha chama cha taifa cha makocha wa mazoezi ya nguvu.

Hadithi hiyo husimuliwa mara nyingi kana kwamba vyuma ndivyo vilivyoshinda. Wasimulizi husahau kwamba mwaka huohuo wa 1969 Devaney alimkabidhi Osborne kazi ya kuupanga upya mfumo mzima wa kushambulia. Mwili mpya na mbinu mpya viliingia kwa mlango mmoja, na hakuna awezaye kuvitenganisha leo.

Kwenye ufuo wa Kisumu historia ilipita njia nyingine. Shule ya Maseno ilianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka wa 1906, na kuanzia 1928 hadi 1940 iliongozwa na Carey Francis, mwanahisabati aliyeacha kazi ya Cambridge na ambaye mapenzi yake kwa soka yalijulikana kote. Wanafunzi wa zama zile walicheza miguu mitupu. Nguvu zao hazikutoka kwenye chumba chochote cha mazoezi: walitembea maili nyingi kufika shuleni, walilima, walichota maji, na waliotoka vijiji vya ufuoni walivuta nyavu na kupiga makasia. Hapo ndipo lilipozaliwa gumzo la mashabiki kwamba mtoto wa ziwani huletwa uwanjani akiwa ameshajengwa, kazi ya kocha ni kumwonyesha lango tu.

Gor Mahia, klabu iliyoundwa mwaka wa 1968 na ambayo mizizi ya mashabiki wake imo katika ufuo huu, huweza kutumiwa kuthibitisha gumzo hilo na kulipinga pia. Mwaka wa 1979 ilifika fainali ya Kombe la Washindi Afrika na kupondwa na Canon Yaoundé ya Kamerun kwa jumla ya mabao 8-0. Mwaka wa 1987 ilitoka sare ya 2-2 na Espérance jijini Tunis, kisha 1-1 jijini Nairobi, ikalinyakua kombe kwa faida ya mabao ya ugenini. Mpinzani alikuwa mwingine, na miaka minane ilikuwa imepita. Anayetaka kusema ni mazoezi tu, au malezi ya ziwani tu, ana kazi kubwa ya kuthibitisha.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo kwenye raga, mchezo ambao Kisumu huukaribisha kila mara mashindano ya Dala Sevens yanapofika mjini. Tarehe 17 Aprili 2016 timu ya taifa ya wachezaji saba kila upande, chini ya kocha Benjamin Ayimba na mkufunzi wa viungo Geoffrey Kimani, iliilaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore. Kenya haikuwa imewahi kushinda duru yoyote ya msururu wa dunia. Watu walisifu kasi na pumzi za vijana wale, na walistahili. Lakini Agosti ya mwaka huohuo, kwenye Olimpiki ya Rio, timu hiyo ilipoteza mechi zote tatu za makundi na kumaliza ya 11 kati ya timu 12. Pumzi za Aprili hazikutosha kuiokoa Agosti.

Basi mazoezi ya nje ya msimu yanaleta nini hasa? Jibu lenye uzito kwa kocha wa shule limetoka Afrika yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 ulifuatilia timu 20 za vijana jijini Lagos, wachezaji 416 wa umri wa miaka 14 hadi 19. Nusu ya timu zilipewa mpango wa FIFA uitwao 11+: dakika 20 hivi za kukimbia, kujenga nguvu za tumbo na mapaja, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja. Katika miezi sita, timu zilizoufuata zilikuwa na majeraha pungufu kwa asilimia 41, na yale ya miguu yalipungua kwa asilimia 48. Hakuna mashine iliyotumika. Zoezi moja kati ya hayo huhitaji mwenzako tu: unapiga magoti, anakushika vifundo, unainama mbele polepole hadi misuli ya nyuma ya paja ishindwe kukuzuia.

Kwa kikosi cha shule, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Mashindano ya kitaifa ya muhula wa pili, na yale ya Afrika Mashariki yanayofuata, hubana mechi nyingi ndani ya siku chache. Timu inayofika nusu fainali ikiwa na mabeki wawili wanaochechemea haifungwi kwa kukosa kipaji.

Hatari nayo ipo, na imewakumba hata matajiri. Januari 2011 wachezaji 13 wa Chuo Kikuu cha Iowa walilazwa hospitalini baada ya mazoezi makali waliyopewa mara tu waliporejea kutoka likizo. Misuli yao ilivunjika na sumu yake ikatishia figo. Mwaka wa 2018 Jordan McNair wa Chuo Kikuu cha Maryland alifariki kwa kuzidiwa na joto baada ya mazoezi ya nje ya msimu. Kisumu, mji ulio mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, una joto la mchana linalokaribia nyuzi 30 karibu mwaka mzima. Kijana aliyekaa wiki sita bila kukimbia, akaamriwa mizunguko 20 ya uwanja saa nane mchana siku ya kwanza ya muhula, anaadhibiwa tu.

Kuna pia suala la sahani. Misuli haijengwi kwa ugali na sukuma wiki pekee, na protini rahisi kuliko zote katika ufuo huu ni omena. Serikali hufunga uvuvi wake kila mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai ili samaki wazaliane, yaani muda uleule ambao timu za soka zinapanda ngazi kutoka kaunti hadi taifa. Shule inayopanga vizuri hununua na kukausha mapema, au huongeza maharagwe na mayai.

Kikwazo kikubwa zaidi ni kalenda. Soka huchezwa muhula wa pili; muhula wa kwanza una magongo, mpira wa vikapu na raga ya wachezaji 15; muhula wa tatu ni wa mitihani. Kwa mchezaji wa soka, kipindi cha kujenga nguvu huanzia Septemba hadi Aprili, na sehemu yake nzuri, Novemba na Desemba, humkuta nyumbani Ahero, Usenge au Mbita, mbali na kocha. Baadhi yao watakuwa mitumboni au mashambani, kazi ambazo tayari zinachosha mwili, na mpango usiohesabu uchovu huo utawaumiza. Ratiba ya ukurasa mmoja, yenye mazoezi mara tatu kwa wiki yasiyohitaji kifaa na siku za kupumzika zilizotajwa, inaweza kukunjwa mfukoni siku ya kufunga shule. Januari, wakirejea, kocha atawapima kwa mbio zilezile alizowapima kabla ya kufunga shule na kuona ni nani aliyeifuata.