Kichaa cha mbwa na kimeta: Jinsi virusi vinavyotofautiana na bakteria

MBWA akimuuma mtoto viungani mwa mji wa Nanyuki, au ng'ombe akifa ghafla malishoni huku damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, wengi husema ni "vijidudu" tu. Neno hilo hufunika vitu viwili visivyokuwa na udugu wowote. Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi, ilhali kimeta huletwa na bakteria. Mwanafunzi akiielewa tofauti hiyo, atajua kwa nini dawa iwezayo kumwokoa mgonjwa wa kimeta haimfai kitu aliyeambukizwa kichaa cha mbwa.

Bakteria ni kiumbe kamili ijapokuwa ana seli moja pekee. Ana ukuta, utando, DNA isiyofungiwa ndani ya kiini, pamoja na ribosomu za kuundia protini. Hula, hutoa taka na kujigawa bila kumhitaji mwenzake. Baadhi yao hujigawa kila baada ya dakika 20 mazingira yakiwa mazuri, hivi kwamba mmoja aweza kuzaa kizazi cha zaidi ya milioni moja katika muda usiotimia saa saba.

Si bakteria wote walio maadui. Maziwa mala hayagandi bila wao, ng'ombe hawezi kusaga nyasi tumboni pasipo msaada wao, na vinundu katika mizizi ya maharagwe ni makao ya bakteria wanaoipatia mimea naitrojeni. Vitabu vya shule huwataja hawa kwa mstari mmoja au miwili kisha hukimbilia magonjwa, jambo ambalo huwaacha wanafunzi wakidhani kila bakteria ni wa kuuawa.

Bakteria wa kimeta, Bacillus anthracis, ana umbo la kijiti. Mjerumani Robert Koch ndiye aliyethibitisha mwaka wa 1876 kwamba ndiye chanzo cha ugonjwa huo. Hila yake kubwa ni kwamba mzoga ukipasuliwa naye akakutana na hewa, hujifungia ndani ya gamba gumu liitwalo spora. Spora huweza kukaa udongoni miongo kadhaa bila chakula wala maji, ikimsubiri mnyama wa kuimeza pamoja na nyasi. Ndiyo maana madaktari wa mifugo hukataza kabisa kumchuna au kumla ng'ombe aliyekufa kwa njia ya kutiliwa shaka. Kuichemsha nyama hakutoshi kuondoa hatari, na anayemchuna aweza kuambukizwa kupitia mchubuko mdogo tu mkononi.

Kati ya 2005 na 2006, kimeta kilizuka Wamba, Samburu, kaskazini mwa Laikipia, kikaua zaidi ya punda milia 50 wa aina ya Grevy, ambao ni adimu duniani. Ilibidi mamia ya wanyama hao wachanjwe porini. Mwaka wa 2015, nyati zaidi ya 100 waliangamia katika Mbuga ya Ziwa Nakuru.

Virusi ni habari nyingine. Havina seli, havili, havipumui wala havikui. Kirusi cha kichaa cha mbwa kina umbo la risasi na urefu wa takriban sehemu 180 za milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Hadubini ya darasani haiwezi kukionyesha. Ndani yake mna uzi wa RNA wenye jeni tano tu, na nje kimevikwa utando wa mafuta. Ili kiongezeke, sharti kiingie katika seli ya mwenyewe na kuilazimisha itengeneze nakala zake. Je, ni kiumbe hai? Wataalamu wangali wanabishana.

Kirusi hicho huingia kwa mate ya mnyama aliyeuma, kisha husafiri polepole ndani ya neva kuelekea ubongoni. Safari hiyo aghalabu huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na hapo ndipo penye nafasi ya kumwokoa majeruhi. Kidonda kinapooshwa kwa maji tele na sabuni kwa dakika 15, sabuni huuvunja ule utando wa mafuta. Chanjo nayo, ikitolewa upesi hospitalini, huufundisha mwili kutengeneza kingamwili kabla ubongo haujafikiwa. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufariki.

Penisilini humuua bakteria kwa kuzuia ujenzi wa ukuta wake. Kirusi hakina ukuta wa kuvunjwa. Anayemeza viuavijasumu kwa sababu ya mafua ya kawaida, ambayo ni ya virusi, hapati nafuu yoyote kutokana navyo, bali huwapa bakteria waliomo mwilini mwake fursa ya kujenga usugu.

Ugonjwa huu uliripotiwa nchini Kenya mara ya kwanza mwaka wa 1912, katika mbwa karibu na Nairobi. Mpango wa kitaifa uliozinduliwa 2014 ulilenga kukomesha vifo vya binadamu ifikapo 2030, kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Huko Laikipia, Kituo cha Utafiti cha Mpala, kilichoko kaskazini mwa Nanyuki, na washirika wake walianza kampeni ya chanjo hiyo mwaka wa 2015. Chanjo ya kichaa, hata hivyo, haizuii virusi vingine: mwaka wa 2017 virusi vya distempa viliangamiza karibu mbwa mwitu wote wa Laikipia.